Maswali na majibu: Kuona vitu viwili baada ya kuumia kichwa

Wiki hii maswali ni ya macho baada ya ajali, mengi kutoka kwa watu wa bodaboda. Sishangai.

Daktari, nilianguka na pikipiki miezi miwili iliyopita. Nikishuka ngazi naona mbilimbili, moja juu ya nyingine. CT scan ilitoka safi. Nina nini?

Ziba jicho moja, lolote. Kama picha ya pili inapotea, macho yako hayaelekei pamoja. Anayeona mbili juu na chini, hasa akitazama chini, na siku hizi anainamisha kichwa upande bila kujijua, mara nyingi ameumia neva ya nne, mshipa wa fahamu unaoendesha msuli mmoja wa jicho. Ndiyo nyembamba kuliko neva zote za kichwani. Hutokea nyuma ya shina la ubongo ikazunguka hadi mbele, basi kichwa kikitikiswa huumia hata kama fuvu ni zima. CT scan hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, kwa hiyo majibu safi hayamaanishi u mzima. Kapimwe misuli ya macho. Nyingi hupona zenyewe kwa miezi kadhaa, ndiyo maana upasuaji husubiri walau miezi 6. Kwa sasa ziba jicho moja au vaa miwani ya prizimu, yenye vioo vinavyopinda mwanga ili picha mbili zikutane, na pikipiki mwachie mwingine.

Jicho la kushoto haligeuki kuelekea nje. Nibadilishe miwani?

Hapana. Hiyo yaelekea ni neva ya sita, inayovuta jicho kuelekea nje, imeumia.

Nitumie matone gani?

Kila mwezi swali hilihili! Hakuna tone linalofika kwenye neva. Yale yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, mnayouziwa bila cheti hupandisha presha ya jicho, na uoni ukipotea kwa presha haurudi.

Mdogo wangu kagongwa jana. Kope moja imeshuka, mboni imepanuka, anasinziasinzia. Tusubiri Jumatatu?

Huyu nilimjibu palepale kwa simu. Namweka hapa kwa ajili yenu wengine. Hospitali, saa hiyohiyo. Huenda damu inaukandamiza ubongo.

Helmeti ingesaidia?

Uchambuzi wa tafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, unasema hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini iwe kichwani, mkanda umefungwa. Inayoning'inia kwenye usukani inalinda usukani.

Mwaka wa pili bado naona viwili. Upasuaji upo?

Upo, na ulipaswa kuuliza mapema. Misuli ya jicho husogezwa na kushonwa upya ili uone kimoja mbele na unaposoma. Ukitazama pembeni huenda ukaendelea kuona viwili. Anayekuahidi zaidi ya hapo mhoji vizuri kabla ya kulipa.