Semista ya korona: pasi tupu ingeniokoa mimi na kumzamisha mwenzangu wa chumba

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama mwaka 2020 vyuo vyetu vingempa kila aliyefaulu "pasi" tupu, bila A wala C, kama walivyofanya baadhi ya Wamarekani, je, ingekuwa haki? Pili, ikitokea tena tufanyeje, maana hapo Kagera kwa jirani ugonjwa wa Marburg umeshapiga hodi mara mbili, 2023 na 2025. Huko juu wengi wamejibu "pasi kwa wote, maisha yaendelee". Mimi wakati ule nilikuwa mwaka wa tatu, semista ya sita, na nawapinga ingawa pasi hiyo ingenifaa kuliko wengi mnaoitetea.

Tangazo la kufunga vyuo lilitoka Machi 18, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Chuo changu kilikuwa kanda nyingine, jina tuliache. Nikapanda basi hadi Mwanza, nikavuka Kigongo–Busisi kwa kivuko (daraja ndiyo kwanza lilikuwa linaanza), Sengerema, Nyakaliro, kivuko tena, mpaka nyumbani kisiwa cha Kome. Mzee wangu ni mvuvi wa dagaa.

Tuliambiwa tujisomee. Lekchara mmoja, Mungu ambariki, alitupia kwenye kundi la WhatsApp faili moja la MB 60, picha tupu za maandishi yake ya mkono. Kwetu wakati ule mtandao wa maana ulikuwa juu ya jiwe moja nyuma ya mwalo, na hapo unapanga foleni na kina mama wanaopiga simu soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kuulizia bei. Nilikuwa naegesha simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, naanza kupakua, nashuka kugeuza dagaa, nikirudi nakuta imefika asilimia 34 na bando limekata. Giza likiingia ndiyo kabisa, kila mwenye mikono anahitajika ziwani na taa, asubuhi kuanika. Usiku wa kushika daftari niliupata mwezi ukiwa mkubwa tu, wavuvi wakipumzika. Ratiba yangu ya kujisomea ilipangwa na mwezi, na sisemi kwa utani.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa. Wiki hiyohiyo mzee akaanza kukohoa, halafu akashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na moja, mama peke yake hamwezi kumnyanyua. Tulimpiga nyungu asubuhi na jioni: sufuria kubwa, mwarobaini, mchaichai, malimao, blanketi juu, anatoka amelowa kama aliyeanguka ziwani. Zahanati waliandika nimonia. Kama ilikuwa korona au la, hakuna aliyempima, na sitaki kubishana nanyi hapa. Alipona, bado anavua.

Nilifika chuo siku 17 baada ya wenzangu. Semista ilikuwa imebanwa ili wiki zilizopotea zifidiwe, kwa hiyo testi mbili zilishafanyika. Kila moja ilikuwa na alama 15 kati ya zile 40 zinazokusanywa kabla ya mtihani mkuu. Nikaenda dirishani na karatasi ya zahanati, ina muhuri na tarehe. Mhudumu aliisoma mara mbili, akanirudishia akisema, "Mdogo wangu, hii ina jina la baba yako." Kanuni ilimtambua mwanafunzi mgonjwa. Mwanafunzi aliyekuwa anauguza haikumjua. Sifuri mbili. Njia nyingine ilikuwa kuahirisha, na kuahirisha semista ya sita maana yake ni kukaa nyumbani karibu mwaka mzima ukisubiri semista hiyo irudi, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) limesimama.

Sasa hesabu, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu uzi mzima uko hapa. Digrii yangu ilikuwa ya krediti (uzito wa kozi) 360, krediti 60 kila semista. Baada ya semista tano nilikuwa na GPA (wastani wa alama, mwisho ni 5) ya 3.6, yaani pointi 1,080 kwa krediti 300. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, nilikuwa ndani. Semista ya sita nikavuna 2.6, pointi 156. Jumla 1,236, gawa kwa 360, unapata 3.43. Nikaangukia daraja la pili la chini. Miaka miwili na nusu ya kazi ilifutwa na siku 17.

Pasi tupu haiingii kwenye hesabu ya GPA, kwa hiyo ingeniacha na 3.6 yangu. Ndiyo maana mnategemea niipiganie.

Lakini chumba kimoja na mimi alilala jamaa wa Magu. Mwaka wa kwanza aliumwa sana, alama zikawa za kusuasua, akawa anapanda kidogo kidogo. Baada ya semista tano alikuwa na 3.4, pointi 1,020. Ili afike 3.5 alihitaji 1,260, yaani pointi 240 kwenye semista ya mwisho. Hiyo ni wastani wa 4.0, B+ kila kozi, bila kuteleza hata moja. Vyuo vilipofungwa alikaa kwa dada yake Nyakato, Mwanza mjini. Sitaficha, yeye alisoma mezani na umeme upo, mimi nikisoma kwenye ndoo. Alizipata B+ zote na kutoka na 3.5 kamili. Chuo kingetoa pasi kwa wote, jamaa angebaki na 3.4 milele, na hakuna semista ya saba.

Mtu mmoja huko juu kasema daraja ni karatasi tu. Kaka, fungua tangazo lolote la nafasi ya ukufunzi msaidizi chuoni uone kama hawajaandika 3.8. Tangazo nililotaka kuomba mimi mwaka uliofuata lilitaka daraja la pili la juu, na mtambo ulinikataa kabla hata sijapakia cheti. Leo nauza dagaa hapo Mwaloni na sijafa njaa, ila msiniambie ni karatasi.

Na hao Wamarekani hawakufanya kitu kimoja. Columbia walilazimisha kozi zote za semista ile ziwe pasi au feli. Vyuo vingine vilimwachia mwanafunzi achague, kozi kwa kozi, na baadhi vilimruhusu achague baada ya kuona alama yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukitakiwa kuchagua kabla ya mtihani, unacheza kamari, na masikini ndiye anayekimbilia pasi kwa woga. Ukichagua baada ya kuona, mimi nachukua pasi, jamaa wa Magu anachukua B+ zake, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Vyuo vingi vya Uingereza vilipita njia nyingine, na binafsi ndiyo ninayoipenda: matokeo ya kipindi cha korona yanaweza kukupandisha, hayawezi kukushusha chini ya wastani uliokuwa nao kabla. Mitihani unafanya, kozi lazima ufaulu, ila wastani wako wa zamani ndiyo sakafu yako. Hapo hata wale wanaosema "watu watabweteka" wanapata jibu, maana aliyefeli bado amefeli. Kwa chuo chenye msajili mmoja na kompyuta tatu ni rahisi pia, kwani mtambo unapiga hesabu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hakuna fomu za kuchagua, hakuna foleni.

Kuna mahali sakafu haitoshi. Hapa Mwanza tuna vijana wanaosomea udaktari na uuguzi pale Bugando. Huyo hata umpe pasi ya dhahabu, kama hajashika wodi, arudi akashike wodi. Sitaki kuchomwa sindano na GPA.

Ila msiishie kwenye alama za mwisho. Mimi sikuumizwa na mtihani mkuu, niliumizwa na testi. Asiyeweza kufika kwenye mtihani mkuu ana mtihani maalumu, ile tunayoita spesho, na alama yake inahesabiwa yote, tofauti na sapu, mtihani wa marudio wa aliyefeli, ambayo hata ukipata 90 unaandikiwa C. Kwa testi, chuoni kwetu hakukuwa na spesho. Wakati wa mlipuko watu wengi wanaokwama siyo wagonjwa. Ni waliomnywesha mgonjwa uji, au waliozuiwa njiani, au ambao kivuko chao hakikuja. Kwa hiyo nikiulizwa kanuni ibadilike wapi kwanza, nitasema kwenye hilo neno "mgonjwa". Liwe "mgonjwa au anayeuguza", na karatasi ya zahanati ya kijiji ipokelewe hata kama jina ni la baba.

Umesema una mdogo wako yuko mwaka wa pili. Mwambie ikitokea asisubiri kurudi chuoni kama nilivyofanya mimi. Aandike barua siku anayogundua hatafika, kabla ya testi, aitume kwa mkuu wa idara na nakala kwa mlezi wa wanafunzi, na kwenye zahanati aombe waandike jina la mgonjwa pamoja na jina la anayemuuguza. Waganga wetu wa vijijini hawakatai ukiwaeleza. Mimi sikujua kama inaombwa.