Barua kwa mwanangu: mkatie shangazi yako tiketi

Mwanangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na yale manung'uniko yako pia. Umeniuliza hivi: shangazi yako Zaituni, miaka 68, mtu wa presha, goti la kulia bovu, anataka umkatie tiketi ya lile tamasha kubwa la muziki la huku kwetu Jinja, Uganda, lililoanza mwaka 2015 (jina lake sitaliandika, unalijua, na mimi ni mama yako). Umkatie, au umwambie zimekwisha?

Mkatie. Ukimwambia zimekwisha atampigia mwanawe wa Iganga, na yule atamkatia siku zote nne na kumtupa kwenye hema bila kuuliza lolote. Heri wewe.

Wala usione ajabu kwamba mzee anataka muziki. Afrigo Band iko jukwaani tangu mwaka 1975, na waliokuwa vijana wakiicheza siku hizo ndio wazee wa leo. Na ile embaire ya kijiji cha Nakibembe, marimba ya magogo yanayolazwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, mzee wa huku kwetu Busoga anaifahamu kuliko kijana wa Kampala anayeirekodi kwa simu. Kinachomrudisha mzee nyumbani mapema si muziki. Ni choo, ni kusimama muda mrefu, ni njia ya kurudia. Shughulikia hayo.

Kabla hujatoa hela, wiki hiyohiyo mpeleke kliniki akapimwe presha. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, hapo hakuna tamasha, kuna daktari. Vilevile akiwa na maumivu ya kifua yaliyoanza karibuni, au amepasuliwa jicho juzijuzi. Nje ya hayo, presha iliyotulia kwa dawa haimkatazi mtu kucheza.

Usimnunulie siku nne. Akipata tiketi ya siku moja inatosha, na akitaka mbili ziwe na siku ya kupumzika katikati. Siku hiyo ale saa sita na nusu mchana, alale saa saba hadi saa tisa, ale kidogo tena saa kumi, na aingie uwanjani saa kumi na moja na nusu. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kwa hiyo atapata muda wa kuona mitaro, kamba za mahema na nyaya za jenereta zinazotambaa chini. Macho ya mzee huchelewa kuzoea giza, na zile taa za kuwaka na kuzima hazimpi nafasi ya kuzoea kabisa. Magharibi ataiswali humohumo, abebe mkeka mdogo, Isha akisharudi. Saa tano usiku awe anatoka.

Sasa dawa. Hapa ndipo wazee wengi wanapojiharibia, tena kwa kujiona wajanja. Kwa kuviogopa vyoo vya uwanjani, mtu anaruka ile dawa ya presha inayotoa maji, na kutwa nzima hanywi kitu. Ikifika saa tatu usiku anainuka kitini, kizunguzungu, chini. Watu wanasema kalewa. Mzee hasikii kiu kama wewe unavyoisikia, kwa hiyo usimngoje aombe maji. Mwambie ameze dawa yake asubuhi saa moja kama kawaida: furosemaidi ya saa moja huwa imemaliza kazi kama saa saba mchana, na hidroklorothiazaidi hukaa zaidi lakini haimkimbizi mtu chooni kwa nguvu ileile. Soma jina kwenye pakiti ujue ni ipi. Maji anywe tangu asubuhi, kidogokidogo, na kuanzia saa kumi apunguze bila kuacha. Uwanjani awe na chupa ya nusu lita ya kunywa funda mojamoja. Akitoka jasho jingi sana au akiharisha, mpe ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lakini asiifanye soda ya jioni, ile ina chumvi na yeye ni mtu wa presha.

Halafu kague mkoba wake. Ukikuta diklofenaki au ibuprofeni, itoe, hata akinuna. Najua kila duka la dawa linamuuzia kwa ajili ya goti. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana mwilini na dawa ya kutoa maji pamoja na zile za presha kama kaptopril au enalapril, figo ndizo zinazoumia, hasa mtu akiwa hajanywa maji. Goti likiuma atumie panadol: vidonge 2 vya miligramu 500, angoje saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku nzima. Dawa zote zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, maana walinzi wa getini wakiona vidonge vimefungwa kwenye karatasi wataanza maswali. Aweke za siku 2 za ziada, na azivae mwilini, zisibaki garini. Mfukoni mwake weka karatasi yenye majina ya dawa, vipimo na namba yako ya simu.

Choo. Mkishapita geti usiulize jukwaa liko wapi, uliza choo, na uingie wewe kwanza. Unachotafuta ni cha kukaa, maana goti lile halichuchumai, na likichuchumaa haliinuki. Vile vyoo vya kubebeka vya plastiki vingi ni vya kukaa. Kosa lake ni kuwa havina pa kushika, na usiku havina taa. Basi tochi ya kichwani, siyo ya simu, ili mikono yote miwili iwe huru. Karatasi na sabuni mtoke navyo nyumbani. Kwa mahali atakapolala, kama ni choo cha shimo, nitamtengenezea kiti: kiti cha plastiki chenye mikono, unakata tundu la sentimita 20 kwenye kalio, unasugua kingo kwa msasa, unakisimamisha juu ya shimo. Kiwe kipya. Kiti kilichokaa juani miaka huwa kimekauka. Ukikikunja mguu kidogo utaona nyufa nyeupe, na hicho kitapasuka siku ambayo hakuna wa kumwinua.

Kiti cha uwanjani ni kingine, cha kukunja, chenye mgongo, na urefu wa kalio usipungue sentimita 45. Vile vifupi vya kuvulia samaki vinamkalisha vizuri na kumkatalia kuinuka. Miguu yake itazama kwenye matope, kwa hiyo beba vipande 4 vya ubao, kila kimoja upana wa kiganja, uweke chini ya kila mguu. Uliza mapema kama viti vinaruhusiwa kupita getini. Akikaa nusu saa, asimame acheze wimbo mmoja au miwili, kwa sababu dawa kama amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na kukaa au kusimama palepale kunaongeza. Kabla ya kuinuka achezeshe nyayo juu na chini kwanza, asimame, ashike kitu, kisha ndiyo atembee. Na fimbo yake, tazama mpira wa chini: ukiwa umelika hadi laini, utamtelezesha badala ya kumshikilia. Ule hubadilishwa, hela yake ndogo.

Masikio ndiyo jambo ambalo wifi yangu atalikataa, kwa hiyo jiandae. Atasema, "Mimi sisikii vizuri tayari, kelele itanifanya nini?" Itamfanya. Uzee huanza kwa kuchukua sauti nyembamba. Kelele inachukua hizohizo na kuendelea mbele. Sauti ya desibeli 85 sikio hulivumilia saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100, ambazo si ngeni karibu na spika, ni dakika 15. Huna haja ya kifaa: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, sauti imezidi.

Mnunulie vizibo vya masikio, vile vya sponji. Watu wengi huvibandika mlangoni mwa sikio kisha wanasema havifanyi kazi. Osha mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma, njia inyooke, usukume kizibo ndani, ukishikilie kwa kidole nusu dakika kikivimba. Kikikaa sawa, utakapozungumza utaisikia sauti yako ikivuma kichwani. Sponji hupunguza sauti nyembamba kuliko nzito, kwa hiyo muziki utakuwa kama umefunikwa blanketi. Vipo vya silikoni vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, ambavyo hupunguza zote kwa usawa zaidi. Ukivipata mjini, chukua hivyo. Kama siku hizi anavaa kifaa cha kusikia, akivue na kukiweka kwenye kisanduku chake. Kukizima na kukiacha sikioni si kinga ya kuaminika.

Pa kukaa ni karibu na kibanda cha fundi sauti, yule mwenye mashine ya vitufe anayetazamana na jukwaa. Sauti hupangwa kwa kusikilizwa kutoka pale, ndiyo maana huwa nzuri kuliko mbele kabisa, na kibanda kimezungushiwa uzio ambao mtu anaweza kuuegemea na hasukumwi upande huo. Uwanja wa wazi, ukizidisha umbali wako na spika mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6, ingawa zile safu ndefu zinazoning'inia hushuka polepole zaidi.

Asikae karibu na njia ya kutokea iliyo moja tu. Unakumbuka mkesha wa mwaka mpya wa 2023 pale kwenye jengo la maduka la Freedom City, Kampala, watu wasiopungua 9 walipokufa kwenye msongamano. Ondokeni wimbo wa mwisho haujaanza, dakika 20 kabla yake zinatosha. Gari liegeshwe likitazama nje, upande wa juu wa barabara ya muramu, ile isiyo na lami, maana mvua ikipiga kwa muda wa saa moja, upande wa chini ni matope ya kusukumwa. Boda boda usiku, hapana, hata kama dereva ni jamaa yako. Maelfu wakipiga simu pamoja mtandao hulemewa; ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu inapokataa, lakini mpange kabisa saa na mahali pa kukutana kabla hamjaachana.

Mvua za Septemba hadi Novemba huku si za mzaha, na ufuo wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Ngurumo ikisikika, ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Si chini ya mti, si chini ya turubai la nguzo za chuma.

Kulala, mlete kwangu. Akishikilia hema, basi kitanda cha kukunja, kwa sababu kuinuka kutoka chini ndiko kutakakommaliza, na chandarua chenye dawa, na ndoo yenye mfuniko ya usiku. Asidanganyike kuwa nyuma ya jukwaa ni kimya; besi huenda pande zote. Miguu asiitie mtoni kwenye maji yaliyotulia ya kando, kuna kichocho.

Chakula atajua mwenyewe, ila rolex, chapati ya kuviringishiwa mayai, ya saa nne usiku na chumvi ile, mgawane moja.

Kile kiti chenye tundu nitakikata nikishapata msasa. Wewe niletee vizibo jozi 3, na vile vipande 4 vya ubao uvitafute kwa seremala kabla ya Ijumaa, vya bure vipo kwenye mabaki yake.

Mama yako, Jinja