Barua kwa mwanangu: klabu ya Jumamosi

Mwanangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Umeniuliza kama mwanao Hamisi aende klabu ya vijana Jumamosi au abaki na mwalimu wa tuisheni. Nikuambie kwanza ni klabu ya namna gani, maana nyingine ni darasa tu lililovuliwa sare.

Nenda ukachungulie. Nani anagawa mipira? Ukikuta ni mtu mzima, rudi nyumbani. Kazi iwe mikononi mwa watoto. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1907 kisiwani Brownsea, Uingereza, aligawa wavulana kama 20 katika vikundi vinne, watoto wa matajiri na wa vibarua pamoja, kila kikundi na kiongozi mvulana. Watoto sita hadi wanane kwa kikundi wanatosha; wakizidi, wawili wanasema na wengine wanajificha nyuma. Umri uchanganyike, lakini pengo likipita miaka minne wadogo wanageuzwa waokota mipira. Na vyeo vizunguke kila muhula: daftari la mahudhurio, hazina, vifaa. Visipozunguka, mwenye sauti anashika vyote, na mkimya kama Hamisi anamaliza mwaka hajawahi kumkatalia mtu jambo.

Unamkumbuka kaka yako na lile kopo la maziwa ya unga lenye michango ya klabu yake? Mlezi alikuja kuazima nauli ya boda, naye, mtoto wa miaka kumi na miwili, akamjibu, "Lete kwanza sahihi za wenzangu wawili." Nacheka mpaka leo. Mlezi hakucheka, wiki iliyofuata kopo likahamia ofisini kwake, na michango ikakauka. Hilo bado linaniuma. Nimesema, kazi iwe mikononi mwao!

Haya, lakini wakiachwa peke yao kabisa, wakubwa wanaonea wadogo. Basi walezi wawe wawili, mlango wazi, asibaki yeyote faraghani na mtoto. Kwa mabinti, shirika la maendeleo la BRAC walipoanza klabu zao hapa Uganda mwaka 2008 waliweka kiongozi binti wa mtaa uleule, aliyewazidi umri kidogo, nao wakikutana alasiri siku tano kwa wiki. Kwake binti anauliza asiyothubutu kumwuliza mama. Hata mama kama mimi, sawa.

Tuisheni sasa. Mtihani wa darasa la saba upo, sikudanganyi, na mlipaji ni mumeo. Amueni wenyewe. Ila mwalimu mnaweza kumhamishia Jumatano jioni. Watoto wenzake wanakutana Jumamosi tu.

Mama yako