Baba alikuwa na bima ya maisha na jina kwa fomu ni langu, je hiyo pesa ni yangu?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mzee wetu alirudi kwa Mola mwezi wa Ramadhani, tukamzika Mumias siku hiyo hiyo. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sukari, na kumbe alikuwa na bima mbili, moja ya kazini na ingine alichukua mwenyewe kwa ajenti hapa Kisumu akawa anakatwa kila mwezi kwa mshahara. Zote ameandika jina langu pekee kwa sababu mimi ndio mtoto wa kwanza. Mama anasema nidai, baba mdogo anasema bima ni haramu tuachie kampuni, na mama wa kambo anauliza watoto wake watapata nini. Nifanye aje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Allah amrehemu mzee wako na awape subira nyote.

Baba mdogo hajakosea kabisa. Bima hizi za kawaida wanachuoni wengi wamezikataa, na mkutano wa Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanachuoni wa sheria ya Kiislamu, kule Jeddah Desemba 1985 ulisema wazi kwamba mkataba huu una gharar kubwa, yaani unalipa na hujui utapata nini wala lini, ikapendekeza bima ya kusaidiana ambayo leo tunaiita takaful. Wako walioruhusu kama Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria lakini mimi nafuata wengi. Lakini kusema muiachie kampuni, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kwanza pesa isiyodaiwa ikikaa miaka kampuni inatakiwa kuipeleka UFAA, ile mamlaka ya serikali ya pesa zisizodaiwa, sasa mmemsaidia nani? Pili ndani yake kuna jasho la babako. Qur'ani Baqara 279 inasema mkitubu basi mna rasilimali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe.

Kwa hivyo dai zote mbili. Ile ya kazini kama ni mwajiri ndiye alilipa na mzee hakuwa na hiari, hiyo tunaihesabu kama haki yake ya kazi, ichukueni yote igawanywe. Ile ya ajenti, jumla ya makato ya mshahara wake ni mali yake halali, hiyo inaingia kwa mirathi. Pesa itakayozidi makato hayo msiile kama urithi, toeni kwa maskini na mayatima, na kama nyinyi wenyewe ni wahitaji kweli, si kujifanya, wanachuoni wameruhusu mchukue kiasi cha shida yenu.

Sasa jina lako. Ndugu yangu hapa ndipo familia nyingi zinavunjika, maana mtu akiona jina lake kwa fomu anadhani Mungu amempa. Kampuni itakulipa wewe kwa sababu inafuata fomu, lakini mbele ya Allah wewe ni mtu wa amana tu. Mtume ﷺ alisema hakuna wasia kwa mrithi, na babako hangeweza kukupa yote hata kama angetaka.

Anza na madeni. Kama alikuwa na mkopo wa sacco au deni dukani lipa kwanza, roho ya muumini inafungwa na deni lake mpaka lilipwe. Halafu chukulia imebaki 480,000, na nyanya wa Mumias (mamake mzee) bado yuko hai: yeye anachukua sudusi, yaani sehemu moja ya sita, 80,000, na huyu ndiye watu husahau kila mara. Wake wote wawili wanagawana thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, 60,000, kila mmoja 30,000. Inabaki 340,000 ya watoto, kama ni wavulana watatu na wasichana wawili kila mvulana 85,000 na kila msichana 42,500. Watoto wa mama wa kambo wako sawa na wewe kabisa, na kama ni wadogo ogopa ile aya ya Nisaa inayosema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao.

Kuhusu makaratasi, bila cheti cha kifo hakuna kampuni itakusikiza. Sisi tunazika haraka na ni sunna, lakini kama alifia nyumbani na hamkupitia kwa naibu chifu kuandikisha kifo, nenda sasa hivi usingoje. Beba pia kitambulisho chake na chako, na karatasi ya bima yenyewe kama iko.

Mkikosa kuelewana msipelekane kwa wazee wa ukoo wawagawie kimila, nendeni kwa Kadhi, Katiba kifungu cha 170 kinampa uwezo wa mirathi ya Waislamu. Na ukienda ofisi ya bima omba wakuandikie jumla ya pesa babako alilipa tangu aanze, karatasi hiyo nitumie picha nikusaidie kutenganisha kabla hujagawa hata shilingi.