Mkuu, usimwonyeshe Arnold akilia kabla hujawatangazia watu

Mleta uzi, simama hapohapo. Usichapishe bango, usitangaze ratiba, na kama umeshaitangaza ifute sasa hivi. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeisoma mada yako. Unafungua banda la kuonyesha filamu, na wiki ya kwanza unataka iwe ya mastaa wa Hollywood wanaosemwa kila siku kwamba hawajui kuigiza, wanacheza mtu yuleyule miaka nenda rudi. Utawaonyesha watu Arnold Schwarzenegger, Stallone na Tom Cruise wakicheza vingine kabisa, halafu wateja wabishane nani habadiliki. Ukauliza na projekta, na kiingilio, na kama mchana watu wanakuja. Sawa. Ila Ijumaa usiku, siku ya ufunguzi, umeweka Maggie ya mwaka 2015.

Ijumaa usiku! Maggie! Nani kakushauri? Maana aliyenishauri mimi namjua.

Kwa wasioijua: Arnold humo ni mkulima. Binti yake, anayechezwa na Abigail Breslin, ameng'atwa, ana virusi vinavyomgeuza zombi taratibu. Baba anamtoa hospitali, anamrudisha nyumbani, anakaa naye akimwangalia anavyozidi kuharibika, na anajua itafika siku ama ampeleke karantini ama ammalize kwa mkono wake. Basi. Ni filamu nzuri, sibishi, na Arnold anaigiza kweli, kwa uso, misuli kaiacha kabatini. Ukiwa umejilaza na simu yako utaitazama mpaka mwisho. Banda ni kitu kingine.

Nilikuwa na banda Morogoro. Bati juu, turubai pembeni, mabenchi ya mbao, TV ya flati ya mtumba. Biashara ilikuwa inatembea kwa Commando ya Arnold, Rambo ya Stallone, Van Damme na za Kichina za mapanga. Akaja jamaa mmoja aliyesomea sanaa za maonyesho, mtu wa kutamka neno "sanaa" kama anaonja mchuzi. Akaniambia nawalisha watu makapi. Kwamba Arnold ni sanamu linalotembea, Stallone anaguna tu, wote wana sura moja kwa furaha na msiba, lakini ipo moja ambayo Arnold anaigiza, iweke, wateja watakushukuru. Akanipa kwenye flashi, bure kabisa. Mkuu, cha bure kutoka kwa msomi kikague kwanza. Mimi nilitazama dakika chache za mwanzo, nikaona Arnold, nikaona zombi, nikatosheka.

Ubaoni nikaandika kwa chaki nyekundu: LEO USIKU ARNOLD NA MAZOMBI. Hakuna neno la uongo hapo. Hata mahakamani ningeshinda.

Watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini mbele ya flati. Bodaboda, makonda, vijana wa sokoni, na mzee mmoja wa kofia ya kufuma ambaye alikuwa haji ila siku za Arnold. Mwanzoni mambo yakaenda vizuri mno. Kwenye kituo cha mafuta Arnold akakutana na zombi, wakashikana, banda zima likapiga makofi. Wakajua hiyo ni ya kupasha moto.

Baada ya hapo ni mazungumzo. Baba na binti, kwa Kiingereza, tena cha kunong'ona. Kilichoniuma ni jinsi walivyompa Arnold muda. Akikaa kimya mezani, mtu anasema "anapiga hesabu huyo." Akisimama dirishani, "anawasubiri wajae." Aliposhika bunduki mabenchi yote yalilia kwa pamoja, watu wamekaa ukingoni. Akaiweka chini. Kimya. Halafu kamera ikamsogelea usoni, chozi likatoka. Sauti moja nyuma ikauliza, kwa upole kabisa, "Jamani, hawakummalizia hela yake?"

Banda likapasuka. Mwingine akasema huyo siye, ni mdogo wake. Mzee wa kofia akasimama, akakung'uta kanzu, akatoka bila kuniangalia. Huyo ndiye aliyenimaliza, kuliko waliokuwa wanapiga kelele "rudisha hela!" Nilirudisha. Nikawarudishia hadi walioingia kwa kupenya kwenye turubai, maana usiku ule kila mtu alikuwa amelipa. Benchi moja likavunjika, sijui nani. Na jirani yangu, Mungu anamwona, alikuwa ameweka Commando kwa sauti ya juu, risasi zinasikika mpaka kwangu wakati Arnold wangu anamfariji mtoto.

Hela ya usiku mmoja ningeisamehe. Kilichokufa ni ubao. Toka siku ile nikiandika Van Damme, mtu anasimama mlangoni ananiuliza, "Anapigana au analia?" Nikiandika Jason Statham, "Ana mtoto mgonjwa?" Wakahamia kwa jirani mmojammoja, mpaka nikauza flati na mabenchi. Kuna watu mtaa ule hadi leo wananiita Maggie. Naitikia, nifanyeje.

Na yule msomi? Usiku wenyewe hakuja. Kesho yake ndiyo akapita, nikamweleza, akanijibu kwamba hadhira yangu haijakomaa. Haijakomaa! Watu waliokuwa wanajua kila pigo la Commando kabla halijatoka, wanaojua steringi, yaani mhusika mkuu, akivua fulana kinachofuata ni nini, wanaoweza kukuambia filamu imekatwa wapi. Hawakuwa wageni wa filamu hata kidogo. Walilipia kitu kinachojulikana, nikawapa kingine. Ukienda kwa muuza chipsi akakupa kitabu cha mapishi utakomaa vipi hapo?

Sasa ubishi wenu wa kwamba fulani habadiliki. Nimesoma majibu ya juu, mtu anamcheka Sean Connery kwamba alicheza nahodha wa manowari wa Kisovieti mwaka 1990 kwa lafudhi ileile ya Uskoti, na kabla yake, 1987, polisi wa asili ya Ireland kwa lafudhi hiyohiyo, na wakampa Oscar. Ni kweli yote. Lakini kaa kwenye banda lenye filamu iliyotafsiriwa uone. Mtafsiri ana sauti moja. Connery anaongea kwa sauti ya mtafsiri, adui kwa sauti ya mtafsiri, mama mkwe kwa sauti ya mtafsiri. Lafudhi imeondoka, minong'ono imeondoka, nusu ya kile wasomi wanachokiita uigizaji imeondoka. Kinachobaki ni mwili: anavyotembea, anavyogeuza shingo, anavyoshika kitu. Hapo ndipo mnaowaita wabovu wanapowaacha wengine mbali. Arnold akiingia mlangoni hata asiyeelewa neno anajua kuna jambo.

Na ndiyo maana kanuni yangu ni moja tu, nimeilipia, nakupa bure: staa anaweza kubadilisha hadithi, asiondoe kile watu walichomfuatia. Akikiondoa, wewe mwenye banda uwaambie kabla hawajalipa.

Angalia Twins ya 1988. Arnold kwenye vichekesho, hapigi watu ovyo, pacha wake ni Danny DeVito. Ilipaswa kuanguka. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, na Arnold alikuwa ameacha mshahara wa mbele akachukua sehemu ya faida, mjanja yule. Kwa nini ilikubalika? Kwa sababu mwili wake ndio kichekesho chenyewe. Hawakuuficha. Training Day ya 2001, Denzel ni polisi mshenzi, na steringi anakufa, kitu ambacho bandani ni kosa la jinai. Niliiweka, hakuna aliyedai hela, kwa sababu mwendo wa Denzel, kicheko cha Denzel na ile kauli ya kukuamrisha vilikuwepo mpaka anaanguka. Mngeniambia hapo kabadilika au hajabadilika? Mimi naona vyote viwili, na wapiga kura wa Oscar nao walimpa.

Stallone ni kesi ngumu zaidi. Cop Land ya 1997 alinenepa makusudi, akacheza polisi mpole asiyesikia sikio moja, kati ya De Niro na Harvey Keitel, na hakuchekesha hata kidogo. Wakosoaji wakamsifu. Lakini hayo majukumu mazito hayakumiminika, akarudi kwa Rocky na Rambo wake. Kabla ya hapo, 1992, aliingia kwenye kichekesho cha mama na mwana kilichomvunjia heshima, na Arnold mwenyewe amesimulia hadharani kwamba alijifanya anakitaka ili Stallone akikimbilie. Kwa hiyo hata wao kwa wao wanaingizana mkenge, sembuse mimi wa Morogoro.

Cruise muweke Jumanne, watu wa Jumanne wana subira.

Maggie kama ni lazima uiweke, iweke siku ya katikati ya wiki, na ubaoni andika ARNOLD ANAMUUGUZA BINTI YAKE. Watakuja wachache, watalia vizuri, hakuna atakayegusa benchi. Ijumaa weka Commando. Projekta watakuja kukujibu wanaojua, mimi niliishia kwenye flati.

Na wewe wa jibu la tatu unayesema staa wa kweli ni yule anayeweza kucheza chochote, kama Daniel Day-Lewis mwenye Oscar 3 za mwigizaji bora. Namheshimu sana. Liandike jina lake ubaoni Ijumaa usiku, kodi ya banda uilipe wewe, mimi nitakaa mlangoni kukusanya kiingilio.