Mama ana TB, kichanga anyonye?

Dada, umeuliza kwa nini kichanga wa mama mwenye TB yuko hatarini wakati mama humpitishia kinga, na kama anyonye.

Anyonye. TB huambukiza kwa hewa, si kwa maziwa. Mama ameze dawa, avae barakoa, dirisha liwe wazi.

Kuhusu kinga: kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kwa surua husaidia sana. Ila mdudu wa TB ni mjanja, anajificha ndani ya zile zile seli zinazotakiwa kummeza. Wa kumdhibiti humo hasa ni seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, na za kichanga bado changa kama mwenyewe. Chanjo ya BCG, ile inayotoa kipele na kuacha kovu mkononi, hukinga hasa dhidi ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwilini, si kila maambukizi.

Huko magharibi mwa Kenya watafiti walifuatilia watoto 300 wasio na VVU ambao mama zao wanavyo. Nusu walipewa isoniazidi, dawa ya TB, kwa miezi 12 kuona kama itawakinga. Tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kuwa dawa inazuia maambukizi, ndiyo maana bado wanachimba.

Na mtoto wa mama mwenye TB ya kuambukiza akianzishwa isoniazidi, BCG kwa kawaida husubiri amalize, maana dawa huua vijidudu hai vya chanjo yenyewe. Hapo wengi hudhani nesi kasahau sindano!