Jibu: Pikipiki ya miaka 15, bei yake unaipimaje?
Mkuu, umeuliza kama kilomita 20,000 kwa pikipiki ya miaka 15 zinastahili bei ya juu. Usiiamini dashibodi, tazama raba za kukanyagia na pedali ya breki. Zikiwa zimelika hadi chuma, hiyo namba huenda imechezewa. Iguse injini kabla ya kuwasha: ikiwa tayari ina moto, huenda kuna kitu kinafichwa. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inaungua kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hapo unalipia kufungua injini. Tairi iliyoandikwa 2314 imetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014, hivyo imezeeka hata kama kashata (meno ya tairi) zipo. Cheni na sproketi (magurudumu ya meno yanayoizungusha) zikiwa zimelika, hesabu seti nzima. Gharama zote hizo zitoe kwenye bei ya nyingine kama hiyo iliyo nzima. Namba ya chesisi isipofanana na iliyo kwenye kadi ya usajili, achana nayo.